Anayekoroma Hajisikii: Mwongozo kwa Wasomaji wa Kitale na Bungoma Kuhusu Pumzi Zinazokatika Usingizini

Maradhi mengi, mwenye nayo ndiye wa kwanza kuyajua. Jino likimuuma hasubiri kuambiwa, tumbo likimsokota hujikunja mwenyewe. Ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini una desturi nyingine. Humjia mtu akiwa amelala, hufanya kazi yake gizani, na asubuhi humwacha na kichwa kizito na kinywa kikavu bila kumweleza sababu. Anayeujua ni mke au mume aliye kando yake, anayemgusa bega usiku kucha ili avute pumzi, au utingo anayelala na dereva ndani ya lori pale Malaba wakisubiri kuvuka mpaka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa mgonjwa hakuficha kitu, hana habari. Kwa hiyo mwongozo huu ni wako hata kama wewe mwenyewe hulala vizuri, maana huenda ukawa shahidi pekee aliye naye mwenzako.

Kwanza tuelewane kinachotokea. Njia ya hewa nyuma ya ulimi haina mfupa wa kuizunguka na kuishikilia iwe wazi. Hushikiliwa na misuli, na misuli hulegea tunapolala. Kwa mtu ambaye njia hiyo ni nyembamba, iwe kwa mafuta ya shingoni, taya fupi, mafindofindo makubwa au umbile alilozaliwa nalo, kulegea huko kunatosha kuiziba. Kukoroma ni sauti ya hewa inayopenya penye finyo, na kimya kinachofuata ndicho cha kuogopwa. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa. Oksijeni ya damu hushuka, ubongo hushtuka, mtu huvuta hewa kwa kishindo, kisha hurudi kulala bila kukumbuka lolote. Wataalamu huhesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi hukatika au kupungua sana: chini ya 5 ni hali ya kawaida kwa mtu mzima, 5 hadi 14 ni ugonjwa hafifu, 15 hadi 29 ni wa wastani, na 30 kwenda juu ni mkali. Mwenye 30 kwa saa, akilala saa 7, hewa imemkatikia zaidi ya mara 200 kabla ya kupambazuka. Hapo hushangai tena kuona mtu amelala usiku mzima na ameamka amechoka.

Mtu wa namna hii hujikuta kati ya kauli mbili. Ya kwanza inasema kukoroma ni dalili ya usingizi mzito, mwacheni apumzike. Ya pili inasema huo ni ugonjwa wa maabara kubwa na mashine ghali, nenda Nairobi. Ninavyoona, ushahidi umezipita kauli zote mbili. Utafiti wa miongo miwili hii umeutoa ugonjwa huu maabara na kuuleta nyumbani na kwenye kliniki ya kawaida. Mwaka 2013 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha jaribio la Australia Kusini ambapo wagonjwa 155 waligawanywa kwa kura: kundi moja likatibiwa na madaktari wa kawaida na wauguzi wa mitaani waliopewa mafunzo, lingine kwenye kituo bingwa cha usingizi. Baada ya miezi 6, nafuu ya usingizi wa mchana kwa kundi la kwanza haikuwa pungufu ya ile ya kundi la pili. Wagonjwa hao walichujwa kwanza kwa maswali na kipimo cha nyumbani, kisha wakafuatiliwa kwa karibu. Kumbe jengo si sharti. Mpango ndio sharti, na mpango huo unaweza kuanza Kiminini au Kimilili usiku wa leo.

Anza na shahidi

Simu yenye kamera inatosha kwa kazi ya kwanza. Mwombe mwenzako ruhusa mchana akiwa macho, kwa sababu kumrekodi mtu aliyelala bila idhini ni kumvunjia heshima. Kisha chagua saa za kuelekea alfajiri, wakati pumzi za wengi hukatika zaidi. Washa taa hafifu, shusha blanketi hadi kiunoni, na urekodi dakika 5 hadi 10 ukionyesha kifua na tumbo kwa pamoja, simu ikiwa karibu kiasi cha kunasa sauti. Utasikia mkoromo unapanda, unapanda, kisha ghafla kimya. Usimwamshe kwanza, tazama kifua. Hakijatulia. Kifua kinazama huku tumbo likiinuka, kisha tumbo linazama huku kifua kikiinuka, kama watu wawili wanaovutana kamba, na puani hakupiti hewa. Hesabu sekunde polepole. Zikipita 10, kisha kukaja kishindo na mwili mzima ukatikisika, umenasa jambo ambalo daktari hawezi kuliona mgonjwa akiwa ameketi mbele yake. Ikiwa wakati wa kimya kifua na tumbo vyote vimetulia, bila juhudi yoyote ya kuvuta hewa, mwambie daktari hilo pia, kwa kuwa kuna aina nyingine ya ugonjwa huu inayotokana na ubongo au moyo, na tiba yake ni tofauti.

Kazi ya pili ni maswali 8 yaliyotungwa na jopo la Frances Chung mjini Toronto na kuchapishwa mwaka 2008 kwa ajili ya wagonjwa wanaoelekea kupasuliwa. Hujulikana kwa jina la STOP-Bang. Je, unakoroma kwa sauti inayopenya mlango uliofungwa? Je, mchana huwa na uchovu au usingizi mara kwa mara? Je, kuna aliyekuona ukikatika pumzi? Je, una presha au unameza dawa zake? Je, uzito wako wa kilo, ukigawanywa kwa urefu wako wa mita kisha ukagawanywa tena kwa urefu huohuo, unazidi 35? Je, umri wako umepita miaka 50? Je, shingo yako inazidi sentimita 40? Je, wewe ni mwanamume? Shingo hupimwa kwa futikamba ya fundi cherehani, ikizungushwa bila kukazwa. Kila ndiyo ni alama 1. Alama 0 hadi 2 ni hatari ndogo, 3 hadi 4 ni ya kati, na 5 kwenda juu ni kubwa. Maswali haya ni wavu mpana: hunasa wengi wenye ugonjwa, na hunasa pia wasio nao. Kazi yake ni kukuambia nani aharakishe kupimwa, wala hayamhukumu mtu kuwa mgonjwa.

Jihadhari na swali la mwisho. Mwanamke huanza akiwa nyuma kwa alama moja, na mara nyingi halalamikii kukoroma. Hulalamikia kukosa usingizi, kuumwa kichwa asubuhi, uchovu usioisha au huzuni. Baada ya kukoma hedhi hatari yake hupanda. Mama mwenye alama 2 tu, lakini presha yake haishuki na asubuhi huamka na kichwa kinagonga, asirudishwe nyumbani na vidonge vya maumivu. Pimwa presha pia, siku 3 tofauti, na uandike namba zote. Zahanati ya karibu hupima, na wahudumu wa afya ya jamii walioanza kazi nchini kote mwaka 2023 walipewa mashine ya presha ndani ya mikoba yao. Hatua hii ni muhimu kuliko inavyoonekana: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu Wakenya wazima 24 kati ya 100 walikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa hata mara moja.

Kuna atakayesema ugonjwa huu ni wa matajiri wanene wa ng'ambo. Pingamizi hili lilikuwa na nguvu zamani, wakati karibu takwimu zote zilitoka Ulaya na Marekani. Siku hizi halina mguu wa kusimamia. Watafiti wa Benin, Afrika Magharibi, waliwapima nyumbani zaidi ya watu 2,000 katika jiji la Cotonou na kijiji cha Tanvè. Takriban 43 kati ya 100 walikuwa na angalau kiwango hafifu, na zaidi kidogo ya 11 kati ya 100 walikuwa na kiwango cha wastani au kikali. Hapa kwetu, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu wagonjwa 223 wa kisukari katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ulikuta asilimia 44 wako kwenye hatari kubwa kwa mujibu wa dodoso. Unene huongeza hatari, hilo halina ubishi, lakini taya fupi na koo jembamba havitazami mfuko wa mtu. Mwembamba anayekatika pumzi mbele ya shahidi anastahili kipimo sawa na mnene.

Kipimo: maabara, nyumbani au kidoleni

Kipimo kamili hufanyika maabara. Mgonjwa hulala akiwa na nyaya kichwani, usoni, kifuani na miguuni, na mtaalamu humtazama usiku kucha. Ni kizuri, ni ghali, na ni adimu. Chini yake kuna kipimo cha nyumbani: mkanda wa kifuani unaopima jinsi mwili unavyojitahidi kuvuta hewa, kijibomba laini chini ya pua kinachopima hewa inayopita, na kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni na mapigo ya moyo, vyote vikiunganishwa na kijisanduku kidogo kinachohifadhi kumbukumbu. Chini zaidi kuna kibanio cha kidoleni peke yake, ambacho familia nyingi zilikifahamu wakati wa korona. Swali la msomaji wetu ni kipimo kipi kinatosha, na utafiti umelijibu waziwazi. Mwaka 2017, watafiti wa Australia waliwagawanya wagonjwa 406 kwa kura ili madaktari waamue tiba kwa kutumia kipimo kimoja kati ya hivi vitatu. Walioamuliwa kwa kipimo cha nyumbani chenye mkanda na kijibomba hawakuwa nyuma ya wale wa maabara baada ya miezi 4. Kwa waliopimwa kidoleni tu, usawa huo haukuthibitika.

Kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua kipimo cha mkanda, kijibomba na kibanio kwa pamoja. Kitale iko kilomita 70 hivi kutoka Eldoret, ilipo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na wa Bungoma anaweza kuelekea huko au Kisumu. Kabla ya kulipa nauli, piga simu na uulize maswali manne: je, mnapima pumzi za usingizini, je, mashine inaweza kuchukuliwa na kulaliwa nayo nyumbani, ni nani atakayeyasoma majibu, na gharama yake ni kiasi gani. Barua ya rufaa kutoka hospitali ya kaunti ya Kitale, Bungoma au Webuye hukupunguzia mizunguko. Usiku wa kipimo ondoa rangi na hina kwenye kucha, usinywe pombe kujiletea usingizi, lala kama ulivyozoea, na uhakikishe mashine imerekodi angalau saa 4. Ukiwa na ugonjwa mkubwa wa moyo au mapafu, ukiwa umewahi kupata kiharusi, au ukiwa unatumia dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, kipimo cha nyumbani hakikufai. Dai cha maabara. Na kipimo cha nyumbani kikisema huna ugonjwa ilhali video inaonyesha vingine, usikubali mambo yaishie hapo. Mashine ya nyumbani hugawanya hesabu kwa saa ilizorekodi, zikiwemo zile ulizokuwa macho ukigeukageuka, kwa hiyo namba yake huelekea kuwa ndogo kuliko hali halisi. Miongozo ya wataalamu wa usingizi inasema mtu wa namna hiyo apimwe tena, maabara.

Pengine utauliza: ikiwa kibanio ndicho pekee kilichopo, kisitumike? Kitumike, ila kwa kujua udhaifu wake. Wa kwanza ni rangi ya ngozi. Desemba 2020, The New England Journal of Medicine lilichapisha uchambuzi wa wagonjwa wa hospitali za Marekani ulioonyesha kwamba wagonjwa weusi walikuwa na oksijeni ya chini iliyofichwa na kibanio, yaani kifaa kikisema uko salama na damu ikisema hauko, karibu mara tatu ya wagonjwa weupe. Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Wa pili ni mwinuko. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Bungoma takriban 1,400, na shinikizo la oksijeni hewani hupungua kadiri unavyopanda, hivyo mtu mzima mwenye afya njema huko anaweza kusoma chini kidogo ya mwenzake wa Mombasa. Ndiyo maana kutazama namba mara moja saa ya kulala hakusaidii. Tafuta kifaa kinachohifadhi usomaji wa usiku mzima, kisha utazame mchoro: mstari unaoshuka na kupanda, ukishuka na kupanda, kama meno ya msumeno, ndio alama ya pumzi zinazokatika. Mchoro wa namna hiyo ni sababu tosha ya kwenda mbele. Mchoro ulionyooka, kwa mtu mwenye dalili zote, hautoshi kumrudisha nyumbani.

Nani atangulie kwenye foleni

Vifaa vikiwa vichache, haki ni kuanza na wale ambao ushahidi unaonyesha watafaidika zaidi. Wa kwanza ni anayeendesha chombo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba madereva wenye ugonjwa huu hupata ajali kwa wastani zaidi ya mara mbili ya wengine. Na mwaka 2016, uchunguzi wa madereva wa malori nchini Marekani ulikuta kwamba waliogunduliwa kuwa wagonjwa na wasitumie tiba walikuwa na ajali mbaya zinazoweza kuzuiwa mara tano ya wenzao wasio na ugonjwa, ilhali waliotumia tiba hawakuwa na hatari hiyo. Fikiria barabara ya Webuye hadi Malaba usiku, malori yakifuatana, na basi la kutoka Kitale lenye abiria kuelekea Nairobi. Ikiwa wewe ni dereva na umewahi kushtuka ukiwa umeshatoka kwenye leni yako, usingoje majibu ya kipimo: acha kuendesha usiku kuanzia leo, lala kidogo kando ya barabara mahali salama unapohisi macho mazito, na umwambie mwajiri kwamba unatafuta tiba. Najua hofu ya kupoteza kazi ni ya kweli. Mwenye magari naye afahamu kwamba dereva anayetibiwa ni salama kuliko anayenyamaza, na kumfukuza aliyesema ukweli ni kuwafundisha wengine wote kuficha.

Wa pili ni mwenye presha isiyosikia dawa. Mjini São Paulo, watafiti waliwachunguza wagonjwa 125 wa namna hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 2011: asilimia 64 walikuwa na pumzi zinazokatika. Ikiwa unameza dawa za aina 3 ipasavyo na presha bado iko juu, muulize daktari kuhusu usingizi wako kabla hajaongeza ya nne. Wa tatu ni mwenye kisukari. Wa nne ni anayeandaliwa kupasuliwa. Mtaalamu wa nusukaputi lazima aambiwe kwamba unakatika pumzi, kwa sababu dawa za usingizi na za maumivu hulegeza koo zaidi. Wa tano ni mtoto anayekoroma kila usiku, analala kinywa wazi, na shuleni anatukutika au anasinzia. Kwake chanzo huwa mara nyingi mafindofindo na nyama za pua. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2013, likihusisha watoto 464 wa miaka 5 hadi 9, waliofanyiwa upasuaji huo na kurudi kwenye usingizi wa kawaida baada ya miezi 7 walikuwa asilimia 79, na walioangaliwa tu bila upasuaji walikuwa asilimia 46. Soma namba zote mbili: upasuaji unasaidia sana, na bado karibu nusu ya waliosubiri walipona wenyewe, kwa hiyo daktari wa masikio, pua na koo anayekuambia msubiri kwanza si lazima awe mzembe.

Hapa niseme wazi kuhusu kimio. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki bado kuna watu wanaokata kimio cha mtoto kwa wembe au kisu, kwa madai ya kuponya kikohozi. Kukoroma kusiwe sababu mpya ya kumpeleka mtoto, au mtu mzima, kwa mkataji. Kinachoziba njia ni koo zima linalolegea, ulimi unaorudi nyuma, au nyama zilizovimba, na kuondoa kinyama kinachoning'inia hakufungui njia hiyo. Kinachoachwa ni hatari ya kuvuja damu, pepopunda na maambukizi.

Tiba: saa ndizo dawa

Tiba yenye ushahidi mwingi zaidi ni mashine inayosukuma hewa kooni kupitia barakoa ya puani, iitwayo CPAP. Ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, kwa wagonjwa 5, enzi ambayo tiba ya waliozidiwa ilikuwa kutobolewa koo. Hewa haimpumulii mgonjwa. Inasimama kooni kama nguzo na kuzuia kuta zisikutane. Pingamizi kubwa dhidi yake limetoka kwenye utafiti wenyewe. Mwaka 2016 jaribio lililoitwa SAVE, lenye watu 2,717 waliokuwa na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo, halikuonyesha kwamba CPAP ilipunguza mishtuko ya moyo, viharusi wala vifo. Basi kwa nini ununue?

Jibu linahitaji kusoma jaribio hilo hadi mwisho. Wastani wa matumizi ulikuwa saa 3.3 kwa usiku, chini ya nusu ya usingizi. Wenye usingizi mkali wa mchana hawakuruhusiwa kushiriki, nao ndio hasa tunaowazungumzia hapa. Na hata kwa matumizi hayo haba, usingizi wa mchana ulipungua, na hisia pamoja na ubora wa maisha vikaboreka. Mwaka 2023 watafiti waliunganisha takwimu za majaribio matatu yenye watu 4,186 na kukuta kwamba waliotumia mashine angalau saa 4 kwa usiku walipata matukio mapya ya moyo na kiharusi machache kuliko wasiotibiwa. Lakini tuseme kweli: anayevumilia barakoa kila usiku huenda pia ndiye anayemeza dawa zake bila kukosa, kwa hiyo tofauti hiyo yote haiwezi kuhesabiwa kuwa kazi ya mashine. Ninachokushauri ndicho ambacho ushahidi unakibeba: tumia CPAP ili ukae macho mchana, uendeshe salama, na presha ishuke kidogo. Katika jaribio la Hispania la mwaka 2013, wastani wa presha ya wagonjwa wa presha isiyosikia dawa ulishuka kwa takriban alama 3 baada ya wiki 12. Anayekuuzia mashine kwa ahadi kwamba hutapata kiharusi anaahidi kisichothibitishwa, na dawa zako za presha usiziache.

Kwa kuwa saa za matumizi ndizo dawa, matatizo madogo ya usiku ndiyo yanayoamua kama umepona au umenunua pambo. Utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kadiri saa zinavyoongezeka, kutoka 4 hadi 6 na kuendelea, ndivyo wengi zaidi wanavyorudia hali ya kawaida. Anza kuvaa barakoa mchana ukiwa umeketi, dakika 20 kwa siku, mpaka uso uizoee. Hewa ikikuvuja machoni, barakoa ni kubwa mno au mikanda imelegea. Ukipata alama nyekundu juu ya pua, umeikaza kupita kiasi. Ioshe kwa maji na sabuni laini kila siku, kwa sababu mafuta ya ngozi ndiyo huifanya iteleze. Stima ikipotea, betri au sola inaweza kuiendesha. Zima kwanza kipasha maji cha ndani, kwa maana hicho ndicho mlaji mkubwa wa umeme. Na ukiuziwa mashine ya mtumba, soma jina na tarehe yake. Juni 2021 kampuni ya Philips iliita zirudishwe mamilioni ya mashine zilizotengenezwa kabla ya tarehe 26 Aprili mwaka huo, kwa sababu sponji iliyo ndani ingeweza kumomonyoka na chembe zake kuvutwa na mgonjwa. Nafuu ya bei isikufanye uvute sponji. Kuhusu malipo ya bima ya afya ya taifa, SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Omba jibu la maandishi, kutoka kwao au kwa bima yako binafsi, kabla ya kununua.

Asiye na uwezo wa mashine hajakosa pa kuanzia. Wengi pumzi zao hukatika zaidi wakilala chali, hivyo mpira mdogo ulioshonewa mgongoni mwa fulana ya kulalia humfanya mtu ageukie ubavu. Acha busaa, chang'aa na bia saa za jioni, na usijinunulie dawa za usingizi dukani, kwa kuwa zote hulegeza koo. Daktari wa meno aliyefunzwa anaweza kutengeneza kifaa cha mdomoni kinachosogeza taya ya chini mbele. Jaribio la Sydney la mwaka 2013 lilionyesha kwamba kifaa hicho huzuia matukio machache ya pumzi kukatika kuliko CPAP, lakini watu hukivaa saa nyingi zaidi, na nafuu baada ya mwezi mmoja ilikaribiana. Uzito nao una nguvu. Katika jaribio la wagonjwa 264 wenye kisukari na unene, kundi lililosaidiwa kupunguza uzito lilishuka karibu kilo 11 kwa mwaka, na waliopona kabisa walikuwa zaidi ya mara tatu ya kundi la kulinganishwa. Dawa ya sindano ya tirzepatide, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2024 kwa wagonjwa wanene wenye kiwango cha wastani au kikali, ilipunguza matukio kwa takriban 25 hadi 29 kwa saa katika majaribio ya wiki 52. Ni habari njema, ila ni dawa ya hospitali, ya kupewa na daktari anayekufuatilia. Na kwa mwenye kiwango kikali anayesinzia barabarani, mlo na mazoezi ni vya kuandamana na mashine, maana kilo hushuka kwa miezi na ajali hutokea usiku mmoja.

Kabla ya kwenda kliniki, andika ukurasa mmoja: alama zako za yale maswali 8, kipimo cha shingo, presha za siku 3, dawa zote unazomeza, saa unazolala na kuamka, na mara ngapi wiki hii umesinzia pasipofaa. Beba simu yenye video. Afisa tabibu mwenye wagonjwa 60 wanaomngoja hawezi kukukalia saa nzima, lakini ukurasa huo na video ya dakika moja vinaweza kubadili rufaa yako. Ukishaanza tiba, rudi baada ya mwezi mmoja, na usirudi peke yako. Daktari akimuuliza mgonjwa anavyolala, atajibu kama alivyojibu siku zote, kwamba analala vizuri. Amuulize aliye kando yake kama usiku wa jana bado alilazimika kumgusa bega.